Mabega ya Kajri

Alisimama mbele yangu kifua wazi, mikono kaiinua kama mtoto anayesubiri kuogeshwa. "Nichagulie, dada," akaniambia.

Nikalitazama sanduku la bati, kisha mabega yake. Mapana, ya mtu aliyekua akibeba matofali. Nilijua kabisa kinachomfaa. Nikachukua kisichomfaa.

Ni miaka ishirini na mbili sasa. Tulikuwa kijiji kimoja karibu na mji wa Chhapra, nyuma ya nyumba ya bibi harusi, jua la alasiri likichoma. Mimi nilikuwa Phulwa, mchezaji mkuu wa kundi la mzee Jagropan. Tulikuwa wanaume tunaovaa kike na kucheza mbele ya msafara wa bwana harusi. Baba yangu aliifanya kazi hiyo kabla yangu. Shule niliiacha darasa la nne, lakini nguo nilizisoma hadi nikahitimu. Mwenye mabega mapana mpe rangi iliyokolea, shingo ishuke, mikono ifike kwenye kiwiko. Asiye na nyonga mpe sketi ya marinda mengi. Mwenye koo lililochomoza mfunge kidani kipana.

Na kundi letu lilikuwa na desturi yake. Mgeni hajichagulii nguo msimu wa kwanza, wala hashiki kioo. Mkubwa ndiye humvalisha, na kioo hukaa kwa mkubwa. Mgeni hujitazama usoni mwa aliyemvalisha.

Kajri alikuwa na wiki tatu tu kwetu, na kwa wiki hizo tatu sikulala vizuri. Si kwamba alicheza kunishinda. Lilikuwa jambo baya zaidi. Sisi tukifungua njuga tulirudi kuwa kina baba; mimi nilikuwa na mke na watoto wawili nyumbani. Yeye hakurudi popote. Hata akiwa na suruali, akila unga wa dengu na kitunguu pamoja nasi, alikuwa Kajri. Wenzangu mchana waliniita kaka. Yeye aliniita dada saa zote. Mimi nikivaa sketi ndipo naanza kuigiza. Yeye akivaa sketi ndipo anaacha.

Asubuhi ile Jagropan alinijia na tambuu shavuni. "Phulwa, leo mtoto atangulie. Wewe kiuno kimeanza kuwa kizito."

Basi nikamtolea Kajri blauzi ya njano inayong'aa, shingo imebana hadi kooni, mikono imefura mabegani kama maboga mawili. Chini nikampa sketi nyembamba. Ile ya buluu iliyoiva, iliyoshonwa kama kwa ajili yake, nikaikalia.

"Nimependeza?" akauliza, akinitazama usoni.

"Umependeza."

Akatabasamu. Aliniamini, mjinga yule.

Tulipotokea barabarani watu walianza kabla ya ngoma.

"Oya! Mpiga mieleka kavaa pazia!"

"Bibi harusi kajificha, kamtuma kaka yake!"

"Jagropan, huyu umemfungua kwenye mkokoteni gani?"

Kajri alicheza beti mbili akidhani wanamshangilia. Kisha akazunguka, akakutana na gari la bwana harusi limepambwa maua ya njano, vioo vyake vyeusi vimefungwa. Akajiona. Alisimama pale muda mrefu, kinanda kinalia, watu wanacheka. Halafu akageuka, akanitazama mimi. Hakulia. Afadhali angelia.

"Phulwa, mbele!" Jagropan akapiga kelele.

Nikaenda mbele. Sijawahi kucheza vizuri kama siku ile.

Tulipokusanya vitu, Kajri hakuwepo. Juu ya sanduku palikuwa na suruali yake, imekunjwa vizuri. Alikuwa ameondoka na ile njano, akapita katikati ya watu walewale waliomcheka. Mimi, njia ile, kwa vazi lolote, nisingethubutu.

Mwaka jana nilikwenda Patna. Mke wangu alikwisha kufariki, watoto wana nyumba zao, na kundi lilivunjika zamani. Nilikuwa nimesikia habari za fundi mmoja nyuma ya soko la vitambaa, anayeshonea watu ambao mafundi wengine huwafukuza. Nikaingia nikiwa na uongo wangu tayari.

"Nataka blauzi ya mke wangu. Mwili wake kama wangu."

Mwanamke aliyekuwa kwenye cherehani akainua uso. Sari ya buluu iliyoiva, mvi mbili tatu, kidani kipana. Mabega yale nisingeyatambua, kwa jinsi alivyoyavika. Macho yale niliyatambua. Wivu ukanipanda palepale, mbichi, kama haujapita hata mwaka mmoja.

Hakutaja jina langu. Alichukua futi, akanizunguka, akapima begani hadi begani.

"Mkeo ana mabega mapana," akasema. "Njano asiiguse. Mpe rangi iliyokolea, shingo ishuke, mikono ifike kwenye kiwiko. Wengine watamwambia vingine. Asiwasikilize."

Alishusha kitambaa cha kijani kilichokolea kutoka kwenye rafu, akakitandaza kifuani kwangu, akakibana kwa pini mbili. Kisha akanivutia kioo kirefu kilichokuwa pembeni.

"Jitazame mwenyewe, dada."

Nikainua macho. Alikuwa amesimama nyuma yangu, na nilimwona yeye kwanza.