Deolinda Alipojua Kusoma

Rafiki yangu Deolinda alijifunza kusoma uzeeni, na kitu cha kwanza alichokipata kutokana na kusoma kilikuwa hasira. Mwalimu wetu wa jioni, binti mmoja mpole aitwaye Ondina, alitegemea machozi ya furaha. Alikuwa ameleta hata keki. Deolinda akasimama mbele ya darasa, akasoma ukurasa mzima bila kukwama, akafunga kitabu.

"Ni hiki tu?" akauliza.

"Ni hiki tu nini, mama?"

"Jambo lenyewe. Ndilo hili niliambiwa halitaingia kichwani mwangu?"

Akachukua koti lake akatoka. Keki tuliila sisi.

Mimi naitwa Felismina. Tulikuwa wajane wawili tunaoishi mlango kwa mlango katika kijiji kimoja karibu na Beja, kusini mwa Ureno, kwenye tambarare ya ngano na mizeituni. Mimi nilisoma kidogo utotoni. Darasa la jioni nilikwenda kumsindikiza yeye, na pia kwa sababu chumba kile kilikuwa na joto kuliko jikoni kwangu.

Majira ya kuchipua yalipofika, Deolinda akaniambia anakwenda kukaa wiki moja kwa kaka yake Belmiro kule Setúbal, mji wa pwani, na kwamba nitafuatana naye. Siku zote alikuwa akienda huko kwa kuchukuliwa na binti ya Belmiro, akishikwa mkono vituoni kama mgonjwa. Safari hii alikataa kuchukuliwa.

"Vibao nitasoma mwenyewe," alisema. "Nikipotea, nitakuwa nimepotea kwa akili zangu."

Kwenye gari la maktaba linalopita kijijini aliazima riwaya nene, habari za mwanamke aliyetunza mnara wa taa kwenye kisiwa peke yake. Akaifunga kwa gazeti isichafuke, akaiweka kikapuni juu ya mkate na jibini.

Jumatatu asubuhi tukapanda treni Beja. Deolinda alikaa dirishani akawa anasoma kila kilichopita: majina ya stesheni, tangazo la sabuni, onyo la kutochungulia nje. Alisoma kwa sauti, na alisoma kama mtu anayeokota vitu vyake vilivyomwagika njiani. Pale Casa Branca aliona kibao akacheka peke yake.

"Felismina, hapa nimepita mara ngapi? Kumbe panaitwa Nyumba Nyeupe. Na ile pale nyumba yenyewe, nyeupe kweli!"

Nikacheka naye. Kufumba na kufumbua, uso wake ukakunjamana.

"Kimekuwa hapa siku zote," akasema. "Kibao hiki. Kila mtu ndani ya treni anakiona, mimi naona rangi tu. Kama ng'ombe."

"Shoga, basi sasa unakiona."

"Usinibembeleze."

Akafungua riwaya akaendelea kusoma, kidole chini ya mstari, midomo ikicheza. Mbele yetu alikaa bwana mmoja mwenye tai. Alimtazama muda, akatabasamu kwa wema wa juujuu.

"Hongera, bibi. Mtihani lini?"

"Wa adabu?" Deolinda akajibu bila kuinua macho. "Wewe ulishafeli."

Bwana yule akageukia dirisha, akalitazama mpaka Pinhal Novo, ambako tulibadilisha treni. Na treni ya pili Deolinda aliipata mwenyewe, kwa kusoma ubao, akanivuta mkono mimi niliyekuwa naelekea upande usio wake.

Belmiro alitupokea kwa mikono miwili. Alikuwa mwanamume mnene, mchangamfu, aliyestaafu kazi ya ofisini bandarini, na nyumbani kwake palikuwa na kabati la vitabu lenye milango ya kioo. Mkewe, Graciete, alikuwa mwanamke wa maneno machache anayependa kuwalisha wageni.

"Msomi wetu huyo!" Belmiro akapaza sauti toka ngazini. "Graciete, ficha magazeti, dada atayamaliza!"

Deolinda akambusu mashavuni, akapita ndani.

Siku mbili zilizofuata zilikuwa nzuri. Sitaki mtu adhani tulikwenda kugombana. Asubuhi tulitembea sokoni, Deolinda akisoma majina ya samaki kwenye vibao vilivyochomekwa barafuni na kuwabishia wauzaji waliokosea herufi. Mchana tulikaa kwenye benchi chini ya michungwa, upepo wa bahari ukitupeperushia kurasa, akanisomea habari za mwanamke wa mnara. Alisoma polepole. Mahali pengine alirudia sentensi mara mbili, si kwa kuwa haikueleweka ila kwa kuwa ilikuwa nzuri. Siku moja tuliingia mgahawa tukapewa karatasi ya vyakula. Akaishika akaisoma yote, mpaka aina za maji.

"Unajua siku zote nilikuwa nakula nini mahotelini?" akaniuliza. "Alichoagiza mtu wa jirani. Nasema, 'Na mimi kama yeye.' Nimekula figo miaka na miaka, na figo sizipendi!"

Nilicheka hadi nikapaliwa. Yeye pia alicheka. Ngisi wa kukaanga alipoletwa, yule aliyemchagua mwenyewe, alikula vipande viwili akaweka uma chini.

"Nilidhani nimenyimwa kitu kidogo," alisema. "Nisikilize, Felismina. Maisha yangu yote nilidhani ni kitu kidogo, kama mtu aliyezaliwa hajui kuogelea. Hasara gani? Bahari iko mbali. Sasa ndiyo naona. Kila siku tangu utotoni walikuwa wananila figo mimi."

"Akina nani hao?"

Akaita mhudumu.

Alhamisi Graciete alialika watoto na wajukuu kwa chakula cha mchana. Meza ilijaa: supu ya mkate na giligilani, samaki, mizeituni, divai. Binti yao mkubwa, Ivone, yule aliyekuwa akimchukua Deolinda kijijini, alikaa karibu na shangazi yake na kumsifu kwa jinsi alivyokuja mwenyewe. Nilimwona Deolinda ametulia, hata ameona haya kidogo kwa kusifiwa.

Hapo Belmiro akamnyooshea gazeti juu ya mabakuli.

"Haya, msomi. Tusomee."

"Baba, mwache ale," Ivone akasema.

"Atusomee! Au hakuna masomo siku za chakula?"

Deolinda akavaa miwani. Habari ilikuwa ya ukame. Alianza vizuri, na kila alipolikaribia neno refu, kabla hajalimalizia, Belmiro alilimalizia yeye. "Umwagiliaji." "Mabwawa." "Wizara, dada, wizara." Wajukuu wakaanza kucheka, si kwa ubaya, watoto hucheka babu yao anapowachekesha. Deolinda akaliweka gazeti mezani.

"Ah, msimwonee," Belmiro akasema akijimiminia divai. "Hamjui huyu alivyoichukia shule. Mwalimu alikuwa akija, yeye anapanda juu ya mtini! Anashikilia tawi kama paka. Baba akachoka, akasema basi, mwacheni na nguruwe wake, huko ndiko anakopenda. Kweli si kweli, Deolinda? Wa kwanza kijijini kwa kukimbia herufi!"

Hadithi hiyo nilishaisikia. Kila mtu pale mezani alishaisikia, kwenye kila harusi na kila Krismasi, na siku zote Deolinda alikuwa akitabasamu na kuendelea kula.

"Isimulie vizuri," Deolinda akasema.

"Nini?"

"Isimulie kama ilivyokuwa. Au nisimulie mimi."

Belmiro akacheka. "Mtini ulikuwa pale nyuma ya—"

"Hapakuwa na mtini, Belmiro!" Alisema kwa sauti kubwa hata mtoto mmoja akadondosha kijiko. "Palikuwa na shule ya chumba kimoja, na mimi na wewe benchi moja, na wewe mkubwa kwangu. Siku hiyo ulishindwa kusoma. Mwalimu akanisimamisha mimi juu ya benchi, mdogo kuliko wote, nikasoma ulichoshindwa, wenzako wakakuzomea. Umesahau? Mimi sikusahau. Tulirudi nyumbani ukitembea mbele, hukunisemesha njia nzima. Ukamwambia baba kwamba mwalimu amesema mimi ni mzito wa kichwa, napoteza nafasi, heri nikachunge nguruwe. Na baba hakujua kusoma, akakuamini wewe kwa kuwa wewe ulikuwa unakwenda shule!"

"Deolinda, watoto wapo."

"Wapo, ndiyo. Walikuwapo pia ulipokuwa unanipandisha mtini. Na mwalimu ulimwambia nini? Alinikuta kwenye miti ya mialoni na nguruwe, akaniuliza, 'Umepona?' Nikamwambia sikuumwa. Akanitazama. Alikuwa mgeni pale, kijana, anamwogopa baba kama kila mtu. Akaenda zake. Hivyo nilijua, Belmiro. Nilijua tangu siku ile, nikiwa na fimbo mkononi, na herufi nilizokuwa nazo zikanitoka moja moja huko huko kwa nguruwe."

"Mbona hukusema?" Ivone akauliza kwa sauti ndogo.

"Nilimwambia mama. Mama akasema, kaka yako ndiye atakayetutunza uzeeni, usimtie aibu. Nikanyamaza. Mama nilimtunza mimi."

Belmiro alikuwa amekuwa mwekundu mpaka masikioni. Akapiga meza kwa kiganja. "Nilikuwa mtoto! Unanifungulia kesi ya mtoto?"

"Ya mtoto nilimsamehe mtoto. Sina habari na mtoto. Mimi nakuuliza wewe mzee. Krismasi iliyopita ulikuwa mtoto? Kwenye harusi ya Ivone, watu mia wananicheka, ulikuwa mtoto? Ulinichukulia shule, haikukutosha, ukanifanya niwe kichekesho cha watu!"

Graciete alikuwa amesimama na sahani mkononi. "Belmiro," akasema, "mwambie si kweli."

Sote tukangoja. Belmiro akatazama divai yake, akatazama dirisha, akainuka akaenda chumbani na kufunga mlango.

Tulihama saa ile ile. Graciete alilia na kutusihi, Ivone akatubebea mizigo mpaka nyumba ya wageni karibu na bandari. Mimi nilimshauri Deolinda turudi kijijini, hakutaka.

"Nilisema wiki, ni wiki," akasema. "Hiyo nayo aninyang'anye?"

Ijumaa tukaenda pwani. Alivua viatu akaingia maji mpaka magotini, ametia mikono kiunoni, akayatazama mawimbi kwa macho makali kana kwamba na yenyewe yalijua habari yakamficha. Halafu akarudi mchangani, akasoma kurasa nyingi bila kunisomea mimi, na mara kwa mara akisema peke yake, "Mjinga," au "Muongo." Sikujua kama ni wa kitabuni.

Jumamosi mchana Belmiro alikuja. Tulikuwa sebuleni kwa mwenye nyumba, mwanamke mmoja aliyekuwa akikunja mashuka. Hakuketi. Kofia alikuwa ameishika tumboni.

"Nimekuja tuyamalize," akasema.

"Yamalize."

"Sisi ni wazee, Deolinda. Tumebaki wawili. Tuyaache."

"Hilo si kumaliza. Hilo ni kuniambia ninyamaze tena, ila kwa upole."

"Unataka nini basi? Nipige magoti?"

"Magoti yako yatanifaa nini? Uliisema meza nzima ikisikia. Irudishe meza nzima ikisikia."

"Mbele ya wajukuu?"

"Mbele ya wajukuu."

"Wataniona nini?"

Deolinda akacheka, kicheko kikavu ambacho sijapenda kukisikia tena. "Hilo swali lako, kaka, ndilo lililokuwa kichwani mwako ile siku tukirudi shule. Hujasogea hata hatua."

Mwenye nyumba aliacha kukunja mashuka. Kisha Belmiro akasema, akiitazama sakafu, "Ulikuwa unasoma vizuri. Ulikuwa unasoma kama maji. Mimi nilikuwa naona herufi zinarukaruka." Akavaa kofia akatoka, na tukamsikia ngazini akishuka taratibu, akishikilia ukuta.

Nilidhani Deolinda angelainika. Akasema tu, "Kumbe na hilo alilijua."

Jumapili asubuhi, stesheni, Graciete alikuja kutuaga na mfuko wa machungwa. Macho yalikuwa yamemvimba. Alituambia kwamba jana jioni Belmiro aliwaita watoto wote, akasimama mwisho wa meza, akaieleza habari yenyewe. Alikwama mara mbili. Hakutaja mtini. Mjukuu mmoja aliuliza kwa nini alifanya hivyo, naye akajibu kwamba aliona wivu, na kwamba kila mwaka ulivyopita ilizidi kuwa vigumu kusema. Ivone aliondoka bila kumuaga.

Deolinda alisikiliza mpaka mwisho, mkono mmoja kwenye mlango wa behewa.

"Alisema neno 'wivu'?"

"Alilisema, wifi."

"Kwa mdomo wake?"

"Kwa mdomo wake. Nimwambie nini nikirudi?"

"Mwambie nimesikia."

"Na umemsamehe?"

"Graciete, wewe nakupenda. Nimekuambia nimesikia."

Akapanda. Mimi nikakumbatiana na Graciete, nikapokea machungwa, nikapanda nyuma yake. Treni ilipoanza kwenda Deolinda hakutazama nje wala hakufungua kitabu. Alikuwa analia, na alilia kwa hasira, akijifuta kwa mgongo wa mkono kama mtu anayefukuza nzi, mpaka mwanamke wa kiti cha pili akamuuliza kama kuna msiba.

"Upo," Deolinda akamwambia. "Ni wa zamani. Ila habari za ukubwa wake nimezipata wiki hii."

Nilimenya chungwa, nikampa nusu. Akaila yote, akanyoosha mkono kuomba na nusu ya pili.