Mkono wa Sironka

Sironka alikuwa mtu ambaye mkono wake ulitangulia kichwa chake. Kata nzima ya Terrat ilijua. Mnadani aliwahi kumvunja mtu taya kwa ajili ya mbuzi, tena mbuzi mwenyewe kakonda, na kanisani walimtenga kwa kumzaba kibao mzee wa kanisa. Ukimwuliza, atakwambia yeye ni mpole, tatizo ni watu wanaomchokoza. Ndiyo maana asubuhi ile, alipokuwa anatoka kwenda soko la Kwa Mrombo kuchukua kompyuta kwa fundi, mkewe Nasieku alimfuata hadi getini.

"Mkono wako uache nyumbani leo," alimwambia.

"Nimekusikia, mama."

Siku hizi alimwita mama tu. Zamani alimwita kwa jina la binti yao, kama waume wengine wanavyowaita wake zao, lakini tangu binti azikwe jina lile halikutamkwa tena pale bomani. Aliyekufa haitwi ovyo. Sauti yake ilibaki ndani ya kompyuta kuukuu ya sebuleni, kwenye video aliyojirekodi akiimba pambio, kitoto cha mbuzi mapajani. Katikati ya ubeti mbuzi anamlamba kidevu, naye anaanza kucheka. Hapo hapo mashine huganda. Sironka hakuwahi kukisikia kicheko chote. Akaipeleka kwa Lesian, fundi wa rika lake, aitie diski mpya na kuiwekea Windows upya. Nasieku hakuwahi kuthubutu kuitazama video ile. Leo alikuwa amesema yuko tayari.

Kibandani hakumkuta fundi. Kompyuta ilikuwa mezani, ubavu wazi, vyuma vya kila namna vimeizunguka. Sironka akaiwasha mwenyewe. Iliwaka upesi kuliko ilivyowahi kuwaka, na kioo kilikuwa safi, safi mno. Akafungua mahali pa video: patupu. Pa picha: patupu. Akabofya huku na huku, na kila alipofungua hapakuwa na kitu.

Lesian akaingia anahema, waya mweusi mkononi. "Ah, umeshafika, ndugu yangu! Hii mashine imenitesa, ilikuwa inakataa kabisa kuiona diski mpya, mpaka nikaingia kwenye..."

Ngumi ilimkuta mdomoni. Alienda chini pamoja na stuli. Kabla hajajua kilichompiga, Sironka alikuwa juu yake, goti kifuani, anamkaba kwa kola ya shati.

"Umemfuta! Umemfuta mwanangu!"

"Sija..."

Ngumi ya mbavu ikalikata neno. Sabina, muuza mkaa wa jirani, alipiga ukunga. Kumwaga damu ya mtu wa rika lako ni aibu ya kuitiwa kikao, na Sironka aliijua aibu hiyo, lakini masikio yalikuwa yameziba. Alipapasa mezani akapata kitu kizito, kipande cha chuma kilichofungwa kwenye kitambaa, akakishusha begani kwa Lesian. Akakishusha tena kichwani, ngozi ikapasuka, damu ikamwingia Lesian machoni. Lesian alinyoosha mikono yote miwili, si kujikinga, bali kukidaka kile chuma.

"Siyo hiyo!" alilia. "Nipige na kingine, siyo hiyo!"

Sironka alisikia maneno, maana hakuisikia. Alipiga tena, Lesian akakwepa, chuma kikagonga sakafu ya saruji. Akapiga tena, na tena, kila pigo kwenye saruji, mpaka wabeba mizigo wa sokoni walipomvuta nyuma wakambana ukutani.

Lesian hakutukana. Alitema jino, akatambaa hadi kwenye kile chuma, akakifungua kitambaa taratibu.

"Hii ndiyo diski yako ya zamani," alisema. "Niliichomoa kabla ya kuweka Windows, nisije nikakosea nikaifuta hii badala ya mpya. Humo mlikuwa na kila kitu. Kazi iliyobaki ilikuwa kuhamisha tu."

"Kwa nini hukuhamisha?" Sironka aliuliza.

"Ningeifunguaje sauti ya marehemu wakati wewe baba yake hupo? Nilikuwa nakungoja wewe. Nimetoka kuazima waya wa kuiunganishia."

Akauokota ule waya sakafuni. Akaunganisha, damu ikidondokea meza. Ndani ya diski kikaanza kugonga kitu, tik, tik, tik, kama kucha juu ya sufuria. Kwenye kioo hapakutokea chochote.

"Jaribu tena," alisema Sironka. "Nakuomba, ndugu yangu."

Lesian akachomoa, akachomeka. Tik, tik, tik. Akatikisa kichwa. Sironka aliona aibu, halafu hofu, kisha uchungu ule wa siku ya mazishi ukarudi wote.

Simu ikaita mfukoni mwake. Wabeba mizigo walimwachia mkono mmoja aipokee.

"Umeshaipata?" Nasieku aliuliza. "Nimeshafagia sebule, nimeketi. Na hicho kinachogonga ni nini?"

Sironka alijitazama vidole. Vilikuwa na damu ya Lesian mpaka kwenye kifundo cha mkono.

"Mama Angel," alisema, na jina lile, alilolikwepa tangu makaburini, lilimtoka likiwa zima. "Mkono sikuuacha nyumbani."