Minazi ya Mwinyimadi Yahesabiwa

Jumanne moja ya mwaka 1937, Biasha alifika barazani Kisarawe kabla ya saa mbili, na watoto watatu na kikapu cha mihogo ya kuchemsha. Kesi yake ilikuwa ya nne, na karani hakuwahi kufika kesi ya tatu kabla ya kunywa chai.

"Shikamoo, bwana karani."

"Marahaba. Umekuja tena?"

"Watoto wanakula tena."

Karani Mbaraka alifungua daftari. Mwinyimadi, aliyempa Biasha talaka miaka miwili nyuma, alisimama pembeni ndani ya kanzu ya kuazima iliyomwishia magotini. Alisema hana kitu.

"Na minazi arobaini na miwili?" Biasha aliuliza. "Nayo umeazima?"

Utaratibu ulijulikana. Pato la baba halikuulizwa kwa mdomo, lilihesabiwa shambani, mnazi kwa mnazi, na masurufu ya watoto yakakatwa humo. Wakaenda shambani.

Walikuta mashimo arobaini na mawili. Jirani aliyekuwa akipalilia alisema minazi ilipita alfajiri, mirefu mbele, na mmoja ulimvunjia tuta la viazi.

"Andika mashimo," Biasha alisema.

"Daftari halina safu ya mashimo."

Walifuata mikwaruzo ya mizizi mchangani hadi uani kwa Biasha. Minazi ilikuwa imesimama kuzunguka nyumba, mmoja katikati ya mafiga. Mwinyimadi alieleza kwamba siku za kuhesabiwa minazi huenda kwa kaka yake kule Soga, ila leo jua lilikuwa kali.

Mbaraka alihesabu mara mbili, akaandika. Mwinyimadi: hakuna. Biasha: minazi arobaini na miwili.

"Una pato kuliko mimi," karani alimwambia Biasha. "Masurufu ya nini?"

"Vema." Biasha alikaza kanga kiunoni. "Sikuzani, mwanangu, kamwite mkwezi."

"Asiguse mtu," Mwinyimadi alisema. "Nimepanda mimi."

Mbaraka alitikisa kichwa kwa masikitiko. Kila mtu alijua desturi: ardhi mbali, mti mbali. Mnazi ni wa aliyeupanda, popote uliposimama.

"Basi mwandikie yeye."

"Kwa kumiliki, ni yake. Kwa kukadiria, tunahesabu ilipo."

"Karani, umesoma mpaka darasa la ngapi?"

"La sita."

"Ungeishia la pili ungenielewa."

Mbaraka alipiga muhuri. Alikula muhogo mmoja, akashukuru, akaondoka.

Minazi ilikaa siku tatu. Nazi zilipoanguka, Mwinyimadi alikuja na gunia kuziokota, akiwa na kanzu yake mwenyewe, iliyomtosha vizuri. Ijumaa minazi ilirudi shambani na kuingia kila mmoja kwenye shimo lake. Biasha alipanga mafiga upya, akapika uji mwepesi wa watu wanne.

Mwezi uliofuata, siku ya baraza, alifungua mlango asubuhi na kuikuta minazi imekwisha kufika, imebanana hadi kizingitini. Aliwapitisha watoto upande upande katikati ya vigogo, kikapu kichwani. Safari hii hakikuwa na muhogo wa karani.

"Iamkieni," aliwaambia. "Ndiyo mali ya baba yenu."

"Shikamooni," watoto walisema.

Minazi haikuitikia. Wakashika njia ya barazani.