Mama Pole

Ukisikia mtu yuko ng'ambo, unadhani anakula kuku kwa mrija. Muuguzi huyu alikuwa ng'ambo kweli, kwenye kliniki ya msaada, akifunga vidonda vya watu kuanzia asubuhi mpaka mgongo ugome. Mgonjwa aliingia, akaweka mguu juu ya kiti cha plastiki, naye akasafisha, akapaka dawa, akazungusha bendeji, akabandika plasta. Mwisho alisema, "Pole." Neno lilimtoka lenyewe, kama chafya.

Kiswahili walikijua yeye na mkunga tu, waliotoka kwao pamoja. Lakini binadamu hakosi kujitafsiria. Wagonjwa waliamua kwamba pole maana yake ni imekwisha, inuka, mpishe mwenzio. Haikupita muda jengo zima likalidaka. Mpishi akisuuza sufuria ya mwisho, pole. Dereva akizima gari, pole. Mkunga alicheka mpaka akashika mbavu.

"Umewaharibia watu, Mama Pole," alisema, na jina likaganda hapo hapo.

Mwanzoni muuguzi alicheka naye. Siku hizi hata kucheka aliona uvivu. Si kwamba alikuwa na huzuni, hapana. Huzuni nayo inataka mtu mwenye nafasi. Alikula kwa sababu sahani ilikuwa mezani, akalala kwa sababu taa zimezimwa.

Shirika lilikuwa na sheria yake: kila baada ya miezi kadhaa lazima upumzike wiki nzima, utake usitake, na nauli ni juu yao, iwe ya kwenda kwenu au ya hoteli ya ziwani. Likizo ilipokaribia, mama yake alipiga simu kusema kifua kimemrudia.

Sasa, nyumbani kwao pole ilikuwa na jibu lake, na mama ndiye aliyewafundisha, tena kwa ukali. Ukipewa pole unajibu nimeshapoa, hata kama goti bado linachuruzika damu. Asiyejibu hana adabu. Kwa hiyo muuguzi alisema, "Pole, mama," akangoja jibu ili aage.

"Safari hii sijapoa, mwanangu," mama alisema. "Njoo nikuone."

"Likizo ijayo, mama. Hii nimechoka, nataka kulala tu."

Ulikuwa ukweli mtupu. Nyumbani kuna watu, na watu wangetaka asimulie, acheke, abebe watoto wa ndugu zake. Hakuwa na cha kuwapa.

"Haya, pumzika basi," mama alisema.

Huko ziwani alilala kama gogo. Mkunga alikwenda kuogelea, akarudi, akamtania weee mpaka akachoka mwenyewe. Muuguzi alikuwa chali kitandani, akitazama feni inavyozunguka, kaka yake alipopiga.

"Mama ametuacha," kaka alisema. "Leo alfajiri."

"Pole," alisema. "Pole sana, kaka. Jitahidi kunywa maji."

"Unanipa pole mimi?" kaka aliuliza taratibu. "Kwani mama alikuwa wangu peke yangu?"

Alijua amekosea. Kosa aliliona vizuri, kama mtu anavyoona doa kwenye shuka la jirani. Maziko yalikuwa kesho yake, na hakuna ndege ambayo ingemfikisha. Mkunga aliposikia alimkumbatia, akalia kwa kwikwi. Yeye akampapasa mgongo, akamwambia pole.

Alirudi kazini. Mkunga alimsihi aende nyumbani japo akaone kaburi, yeye akajibu atakwenda, lakini si leo. Simu za pole ziliingia kutoka kwa shangazi, wajomba na majirani, na zote alizijibu nimeshapoa, bila kukosea hata moja.

Mgonjwa wake wa kwanza baada ya likizo alikuwa bibi mwenye kidonda kwenye kifundo cha mguu, mteja wa tangu alipofika. Alimsafisha, akapaka dawa, akafunga, akabandika plasta. Kisha akakaa. Neno halikuja.

Bibi alingoja, mguu juu ya kiti. Nje foleni ilianza kukohoa kwa makusudi. Mwishowe bibi akaona huyu binti leo amesahau kazi yake, acha amsaidie. Alishusha mguu, akainuka, akamgusa begani.

"Pole," bibi alisema, kwa lafudhi yake.

Muuguzi alifungua mdomo atoe jibu alilofundishwa.

"Sijapoa," alisema, na sauti ilikuwa ya mama yake kabisa. Machozi yakaanza kudondokea kwenye glavu.

Bibi hakulijua neno hilo. Alimtazama usoni, akaelewa kwamba bado haijakwisha. Akaketi tena, akarudisha mguu juu ya kiti, akangoja.