Phelista Alipofura

Kila Jumamosi asubuhi, kabla ya chai, Phelista alikuwa akibadilisha maji ya samaki. Alitumbukiza mpira mwembamba ndani ya tangi la kioo, akaufyonza upande wa pili, na maji machafu yakashuka taratibu hadi kwenye ndoo. Hakuyamwaga. Aliyapeleka nyuma ya nyumba, akamwagilia sukuma wiki, ambayo kwa ajili hiyo ilikuwa na majani mapana kuliko ya mtu yeyote mtaani Tuwan, mjini Kitale.

Tangi lilikuwa dogo, likikaa pembeni mwa cherehani bila kumsumbua mtu. Ndani mlikuwa na majani ya majini, mawe ya mtoni na samaki wanne wa rangi ya ndizi inayoanza kuiva, wenye madoa meusi, kila mmoja mkubwa kidogo kuliko punje ya mahindi. Watu wa pwani huwaita samaki wa namna hiyo bunju. Hawa walikuwa bunju kibete, wa maji yasiyo na chumvi. Majirani waliwaita tu samaki wa kufura.

Aliyewaleta ni mumewe, Absalom Wangila, fundi wa friji, ambaye aliachiwa na mteja mmoja aliyekuwa akihama Kitale. Absalom ndiye aliyemfundisha Phelista kuwatunza. Hawali chakula kikavu. Wanataka konokono wadogo walio hai, ambao wawili hao waliwafuga kwenye beseni pale barazani. Usiwachanganye na samaki wengine, watawang'ata mapezi. Stima zikipotea, na Kitale ina baridi, funika tangi kwa blanketi.

"Na usiwafurishe kwa mchezo," Absalom alimwambia. "Akiona hatari anakunywa maji mpaka anakuwa kama mpira. Watu wanacheka, lakini inamuuma. Anafura kwa sababu hana mahali pa kukimbilia."

Absalom alikufa mwezi wa Machi, watu wakipanda. Walimzika nje kidogo ya mji wa Bungoma, kwenye shamba ambalo yeye na Phelista walilinunua pamoja, yeye kwa friji, mkewe kwa cherehani. Maua ya kaburi hayakuwa yamenyauka bado wakati Wamalwa, kaka mkubwa wa marehemu, alipopanda mahindi yake mpaka ukingoni mwa kaburi. Phelista alipouliza, aliambiwa shamba ni la ukoo. Alirudi Kitale, akawalisha samaki.

Mahindi yalipofika magotini, Wamalwa alikuja Tuwan na binamu wawili na pikapu. Ilikuwa karibu saa nne asubuhi. Phelista alikuwa akimpima sketi jirani yake Mwihaki, muuza mitumba, na mdomo wake ulikuwa umejaa pini.

"Mulamwa, habari ya hapa," alisema Wamalwa, akimwita shemeji kwa lugha ya nyumbani. "Tumekuja kuchukua vitu vya ndugu yetu."

Phelista alitoa pini mdomoni moja baada ya nyingine. "Karibuni chai."

Hawakutaka chai. Binamu walibeba televisheni, wakaipakia. Kisha wakainamia sofa. Wamalwa aliketi kwenye kiti cha Absalom na kueleza jambo lenyewe. Nyumba ya ndugu yake haiwezi kubaki bila mwanaume. Kwa hivyo ama Phelista arudi Bungoma, yeye Wamalwa amchukue kama mila inavyosema, ama aache nyumba.

"Si unajua mila?" aliuliza.

"Mila naijua. Hata fundi aliyejenga hii nyumba namjua. Mimi ndiye nilikuwa nampikia."

"Ati unajibu," alisema Wamalwa, bila hasira, kama mtu anayetaja hali ya hewa. Alisogelea tangi. "Na hawa? Wanaliwa?"

"Hawaliwi. Usiguse kioo."

Wamalwa aligonga kioo kwa pete yake, kwa nguvu. Samaki wote wanne walifura, wakawa tufe nne za njano zikielea, kila jicho likiangalia upande wake.

Phelista alienda jikoni. Alichukua jagi la maji ya kunywa, akalimaliza. Akachukua sufuria ya maji yaliyochemshwa jana, akaimaliza pia. Aliporudi sebuleni alikuwa ameanza kufura. Alianza mashavu, kisha tumbo, kisha mikono. Rinda lake lilivutika mpaka likawa kama ngozi ya ngoma, lakini mishono ilishika, kwa sababu aliishona mwenyewe mara mbili. Alijaa kutoka meza ya cherehani hadi dirishani. Sofa ilirudi ukutani na binamu mmoja nyuma yake.

"Shemeji, usifure hivyo, bana," alisema Wamalwa, akisukumwa polepole kuelekea mlangoni. "Tuongee."

"Tunaongea," alisema Phelista. Sauti yake ilikuwa ile ile. "Kurithiwa sirithiwi. Na nyumba sitoki."

"Hii sofa haiwezi kupita," binamu wa pili alieleza kutoka barazani.

"Basi iache," alisema Wamalwa. Walimvuta yule mwenzao aliyebanwa, wakaondoka na televisheni, kwa kuwa ilikuwa imekwisha kupakiwa.

Mwihaki alikuwa amebanwa dirishani, sketi yake nusu imeshikizwa pini. "Mama," alisema, "ukiweza, nipe nafasi nitoe mguu."

Ilimchukua Phelista mchana kutwa kurudia umbo lake. Mbavu zilimuuma, na miguu ilimtetemeka hata akashindwa kukanyaga cherehani. Mwihaki alimkanda kwa mafuta, akampikia uji, akamwambia amefanya vizuri, ila siku nyingine aonye watu kwanza.

Kati ya samaki wanne, watatu walipungua. Yule mdogo kabisa alibaki vile vile, tumbo juu. Phelista alimzika kwenye sukuma wiki, akakaa chini kwenye udongo, akalia. Kwenye mazishi ya Absalom alielekezwa asimame wapi na alie lini, na hakuweza. Sasa alilia kadiri alivyotaka.

Wazee waliitwa Bungoma kusikiliza shauri. Lalamiko la Wamalwa halikuwa kwamba mwanamke alifura, bali kwamba alifura mbele ya mashemeji. Phelista alizungumza kuhusu shamba. Mzee mmoja alimsikiliza kwa upole, kisha akasema kwamba hata mamake Absalom alikuwa mtu wa kufura, na alifura maisha yake yote, na shamba alilolidai kwao lilibaki pale pale kwa wajomba. Wenzake walikubali. Nyumba ya Kitale wangeiangalia wakati mwingine. Shamba lilikuwa la Wamalwa.

Januari, trekta ilipokuja kulima, Phelista alifika shambani na mfuko wa chupa za maji. Alijua vile itakavyomuuma. Alisimama katikati ya mabua ya mahindi ya mwaka uliopita, akanywa chupa moja baada ya nyingine, akafura.

Dereva wa trekta, Mbogo, alisimamisha mashine. "Mama, nizunguke?"

"Zunguka."

"Pita hapo hapo!" Wamalwa alipiga kelele kutoka kwenye ua. "Atatoka!"

"Huyu hatoki," alisema Mbogo. "Amejaa. Na jembe likivunjika, si wewe utanunua." Akazunguka.

Kwa hiyo shamba lote lililimwa isipokuwa duara moja la mabua. Wamalwa alipanda kote, mvua ikanyesha vizuri, na alivuna magunia mengi, yote yakaenda kwake. Kwenye duara Phelista alilima kwa jembe la mkono, akapanda kunde. Wamalwa alitishia kuzing'oa, lakini wanawake waliopita njia ile walikuwa wakisimama kuziangalia, na hakupenda kuzing'oa akiangaliwa. Kufikia Juni watu waliokuwa wakielekezana njia walisema, "ukifika kwa Phelista, pinda kushoto."

Mwaka uliofuata alikuja tena. Mbogo alizima trekta, akavua kofia, akamuuliza mwaka huu atasimama wapi. Phelista aliliangalia duara lake la zamani. Kisha akalivuka, akaenda mbele mpaka kwenye udongo ambao wazee walisema ni wa Wamalwa, akatafuta mahali pa kuweka miguu vizuri, na kufungua chupa ya kwanza.