Mama Élyse Anadaiwa Saa

Ufunguo wa geti la kitalu cha miche cha Juru, ndani ya kambi ya wakimbizi, alikuwa nao Cansilde, na mwenye ufunguo hana ruhusa ya kuchelewa. Wenzake waliingia saa moja, wengine saa mbili wakisingizia mvua hata kiangazi. Yeye, saa kumi na mbili kamili asubuhi alikuwa ameshashika keni, anamwagilia miche kabla jua halijaanza ukorofi wake. Saa nane mchana wote walitoka pamoja.

Mkataba ulidai saa saba kwa siku. Ukizidisha moja, inawekwa akiba, na akiba ikifika saa arobaini na mbili unapewa siku sita za mapumziko. Cansilde hakutaka kupumzika. Alitaka kwenda Mbarara, ambako binti yake Élyse alikuwa na mimba ya kwanza, mwezi wa tisa, na mume dereva wa lori aliyeonekana nyumbani kwa nadra kama nyama. Kwao Burundi, binti hazai mtoto wake wa kwanza mama yake akiwa mbali, labda huyo mama awe amekufa. Cansilde hakuwa amekufa. Alikuwa Juru tu.

Basi siku ya arobaini na mbili alinawa miguu, akafunga kitenge kizuri, akaenda kwa Mihigo, karani wa masaa, kuchukua ruhusa yake.

Mihigo alikuwa Mkongomani wa Bukavu, mtu mwenye kalamu tatu mfukoni na wino katika moja. Zamani aliandika masaa ya watu kwenye daftari na kuyahesabu kwa kichwa, akikosea kibinadamu. Mwaka huu ofisi ya Mbarara ilimletea kompyuta yenye jedwali: unaandika saa ya kuingia, unaandika saa ya kutoka, inatoa yenyewe. Tangu siku hiyo Mihigo alikipa kichwa chake likizo ya kudumu.

"Mama Élyse," alisema akikodolea macho kioo, "uko na deni. Masaa mia moja makumi sita na munane."

"Deni ya nini?"

"Ya kazi. Kila siku uko chini ya zero, masaa ine."

"Na hii miti nani aliimwagilia? Shetani?"

"Hapana miye, mama. Ni hii ordinatere, hii kompyuta. Na ordinatere haisemake uongo. Ruhusa banatoa ba Mbarara, miye niko naandika tu."

Cansilde alirudi nyumbani na hasira zake. Kwa hesabu hiyo, kila asubuhi alifika kitaluni, akafuta kazi ya saa nne, akaondoka. Miche ingekuwa imesharudi kuwa mbegu. Hata toharani, alivyofundishwa kwenye katekisimu, deni hupungua kadiri unavyoteseka. Hili lake lilikua kadiri alivyojituma. Na Élyse alikuwa amepiga simu: mgongo umeanza kuuma.

Kesho yake alimwachia jirani ufunguo, akapanda gari pale Base Camp, kwenye ofisi za kambi, na saa nne alikuwa Mbarara, ghorofa ya pili, mbele ya Madamu Topista, msimamizi wa wafanyakazi. Topista alikuwa Mnyankore mwenye miwani na chai ya maziwa, na jedwali lilikuwa wazi mbele yake.

"Mama, wewe iko na deni mingi sana," alisema. "Lipa kwanza masaa ya ofisi. Livu hapana."

Cansilde alitamani kulia, akaona ni kupoteza maji. "Madamu, mtoto wangu yuko hapa Mbarara, anakaribia kuzaa. Nisaidie kuhesabu. Naingia saa kumi na mbili asubuhi. Natoka saa nane. Hesabu na vidole. Hiyo mashine iache ipumzike."

Topista alicheka kwa pua, kisha akahesabu ili tu amwondoe. Kumi na mbili mpaka moja, kidole. Moja mpaka mbili, kidole. Alipofika nane, vidole vinane vilikuwa hewani. Akaangalia kompyuta. Nayo ilikuwa imetoa kumi na mbili kwenye nane, kama mtoto asiyefundishwa, ikapata nne chini ya sifuri.

"Banange," alisema taratibu. "Na hawa wengine?"

Wengine walikuwa sawa. Aliyeingia saa moja, nane toa moja, saba. Aliyeingia saa mbili, sita. Kitalu kizima kilihesabiwa vizuri isipokuwa mtu mmoja, yule aliyewahi kuliko wote.

"Kumbe ungechelewa saa moja tu, mama..."

"Ningekuwa mtakatifu."

Topista akavua miwani, akaifuta, akaivaa. Kisha akafuta kumi na mbili, akaandika sifuri. Nane ikatokea. Akaivuta ile sifuri mpaka chini, siku zote arobaini na mbili, na akiba ikasimama pale pale Cansilde alipokuwa akisema tangu jana.

"Saa sifuri haipo, madamu," Cansilde alisema. Alikuwa mkweli hata pasipohitajika.

"Sasa iko. Ni ya wewe peke yako. Kale, haya, enda kwa mtoto, pole bambi. Siku sita."

Alipopigiwa simu, Mihigo alisema yeye alilishuku lile jedwali tangu mwanzo.

Élyse alikazana na uchungu siku mbili. Alfajiri ya tatu, katika kituo cha afya, alijifungua mtoto wa kike mwenye sauti ya kumkemea mtu, na Cansilde alikuwapo, ameng'ang'ania mkono wa binti yake mpaka vidole vikafa ganzi. Alilia wazi wazi, bila kuhesabu maji.

Muuguzi, binti aitwaye Shanitah, alichukua kadi ya mtoto. Aliangalia saa ya ukutani.

"Amezaliwa saa kumi na mbili asubuhi," alisema, akishusha kalamu.

Cansilde alimdaka mkono.

"Usiandike hiyo! Andika sifuri."

"Mama, saa sifuri ni saa gani?"

"Andika tu, binti yangu. Huyu amewahi. Sitaki aanze na deni."