Bega la Baridi la Shemeji Dionizi

Shemeji Dionizi, ndugu wa marehemu mume wangu, alikuja Buffalo kutoka Columbus kwa harusi ya Jumamosi moja. Harusi ikaisha, maharusi wakahamia kwao, wakaanza hata kununiana, Dionizi bado yuko kwangu. Wiki ya sita sasa, kitandani kwa Nadine. Na Nadine, mwanangu, alikuwa anarudi Ijumaa na kichanga cha siku tisa. Nilikihitaji kile kitanda.

Kumwambia mgeni aondoke siwezi. Mama yangu angefufuka kule kambi ya wakimbizi ya Mtabila tulikomzika, aje kunizaba kofi. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi nilimpa sepetu ya theluji. Akasafisha mtaa mzima mpaka karibu na barabara ya Bailey, akarudi na njaa ya watu watatu.

Malalamiko nikayapeleka kazini. Namtunza bibi mmoja wa Lackawanna, miaka tisini na mbili, masikio mabovu, ulimi mzima.

"Mpe bega la baridi," akasema.

Ni msemo wa zamani wa Kiingereza, maana yake kumwonyesha mtu kuwa humtaki. Akanieleza asili yake: zamani, huko Uingereza, mgeni aliyependwa aliwekewa nyama ya moto. Aliyeganda aliwekewa bega la kondoo la jana, baridi, naye akaelewa, akafunga mizigo.

"Wenye vitabu wanabisha kwamba si kweli," akasema bibi, "lakini mimi shemeji yangu nilimfukuza hivyo hivyo, mwaka 1961."

Kama dawa ilifanya kazi Lackawanna, nikajiambia, mtaani kwetu Kensington-Bailey ni hapo tu.

Jumatatu nikanunua bega la kondoo, nikalichemsha, nikalitia kwenye friji. Jumanne jioni nikamwekea mezani vile vile, mafuta yameganda meupe, pembeni ugali wa jana. Sikusema karibu. Aibu ilinishika hadi nikageukia sinki na kuosha kikombe kilichokuwa safi.

Nikageuka. Dionizi analia.

"Shemeji," akasema, "umenipa kiporo."

"Ndiyo," nikajibu kwa ukali.

"Miaka kumi na miwili niko Marekani. Kila nyumba ninayoingia wananipikia wali, kuku, cha moto, halafu wananiuliza basi langu linaondoka saa ngapi. Kiporo mgeni hapewi. Kiporo anakula mtu wa nyumbani." Akafuta macho kwa mkono wa shati. "Columbus tuko wanaume wanne. Kila mmoja ana rafu yake ya friji, na kufuli."

Ndivyo tulivyolelewa sote: mgeni cha moto, wa nyumbani kilicholala. Bibi wa Lackawanna hakuyajua hayo. Mimi niliyeyajua nikayasahau. Nilimchukia, nikamhurumia, nikamwongezea ugali.

Pale pale akampigia simu mdogo wake Zenoni, anayeishi Newburg, Louisville. Alhamisi Zenoni akafika. Alikuwa amepitia Columbus kuchukua vitu vya kaka yake: godoro juu ya gari, masufuria, lile kufuli la friji. Mimi aliniletea bega la mbuzi la kunishukuru, limechomwa tangu Louisville. Baada ya mwendo wa saa tisa barabarani lilikuwa limepoa kabisa.

Zenoni, kwa kuwa ni mgeni, alipikiwa. Aliyepika ni Dionizi.

"Karibu kwetu," akamwambia.

Ijumaa Nadine akaja na mtoto. Nikawapa chumba changu, ningefanyaje? Niliporudi kutoka kazini niliwakuta wote jikoni wanacheka, wanamega kiporo cha mbuzi kwa mikono, kichanga kimelala kifuani kwa Dionizi. Nikanyoosha mkono kwenye sahani.

"Hapana, shemeji," akasema Dionizi. "Wewe kaa sebuleni."

Akaniletea maji ya kunawa. Akaniletea wali unaofuka moshi, na kuku, na mapaja yote mawili. Akasimama mbele yangu kwa adabu zote.

"Karibu sana," akasema. "Jisikie uko nyumbani."

Kuku alikuwa mtamu, sitasema uongo. Nilipomaliza, nikaenda kuangalia sanduku langu la safari liko wapi.